Kuchungulia chumba cha mwako cha PT6A: tunavyofanya Kigoma

Kama umewahi kumwona mvuvi wa dagaa pale Kibirizi akizibua pua ya karabai kwa sindano, kazi hii ya kukagua PT6A, injini ya turbini ya ndege ndogo, umeshaielewa nusu. Mafuta ya ndege za turbini ni ndugu wa mafuta ya taa. Pua inayonyunyiza mafuta ikiziba kidogo, mwali unapinda na kulamba ukuta wa chumba. Katikati ya mwali joto hukaribia nyuzi 2,000, na bati la ukuta huo lingeyeyuka. Linaponea hewa: takriban robo tu ya hewa ya kompresa, sehemu inayoishindilia hewa, ndiyo inayochoma mafuta, iliyobaki hupita kwenye vitundu ikalivika ukuta utando wa kupoza.

Hatua ya 1. Subiri hadi kiganja kivumilie gamba la injini. Chomoa betri, lakini usikimbilie waya za plagi za kuwashia. Kisanduku chake cha umeme hubaki na chaji.

Hatua ya 2. Fungua pua. Za injini ya Caravan, ndege ndogo ya Cessna, ni 14, kila moja iandike namba. Ziba midomo ya mabomba papo hapo, vumbi la uwanjani halibishi hodi.

Hatua ya 3. Ingiza kamera nyembamba kupitia matundu ya pua, na hapa usiwe na haraka. Anza na ukuta unaotazamana na kila tundu la pua. Rangi iliyofifia sawasawa haina neno. Ukiona mstari wa masizi, au doa lenye umbo la ulimi, rudi kwenye pua ya namba ile na uipime mnyunyizo. Ufa mmoja unaotoka kwenye kitundu, upime ulinganishe na kikomo cha kitabu cha injini. Mimi hunikosesha usingizi nyufa mbili zinazotafutana: zikikutana, kipande kinang'oka, na kilicho mbele yake ni mapanga ya turbini. Chumba kisicho na masizi kisikulaghai pia. Niliwahi kukipitisha kimoja moyoni, kumbe nyuma ya plagi kulikuwa na tundu la kuungua, dogo kama mbegu ya papai.

Hatua ya 4. Kagua mapanga yenyewe. Wanagenzi hushika propela na kuzungusha. Utazungusha hadi jua lizame Kongo! Propela ya PT6A haina shafti moja na turbini ya kompresa. Turbini hiyo izungushie nyuma, kwenye gia za starta-jenereta, mashine inayowasha injini na kuzalisha umeme.

Hatua ya 5. Rudisha pua kwa gasketi mpya, washa injini, kagua uvujaji, zima, kisha pitisha kitambaa cheupe kwenye kila kiungo.