SOMO: Umegongwa bampa. Mmalizane hapo hapo au uende bima?

Wakuu, salaam. Swali hili naulizwa karibu kila wiki. Shemeji yangu kaniuliza mara mbili kwa gari lile lile. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Nazungumzia Tanzania, gari dogo la kutembelea, ajali ndogo: bampa, taa, mlango kubonyea, saiti mira kung'oka. Mtu akiumia, hata akisema "niko poa tu", somo hili halikuhusu. Nendeni polisi, achukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, atibiwe. Jeraha halimalizwi kwa elfu hamsini kando ya barabara.

Hatua ya 1. Simama, washa hazadi.

Hatua ya 2. Piga picha kabla ya kusogeza gari. Hakikisha kuna picha moja inayoonyesha namba za magari yote mawili pamoja. Kisha sogeeni pembeni, makonda wasije wakawatukana bure.

Hatua ya 3. Piga picha leseni yake na kadi ya gari. Bima usiitazame kiooni: ingiza namba ya gari lake kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima (TIRA), uone kama ipo hai na ni ya kampuni gani. Ni dakika moja kwa simu.

Hatua ya 4. Usipokee hela mpaka bampa litolewe.

Hapa ndipo nilipochemka, kwa hiyo nivumilieni.

Foleni ya Bamaga, jioni, jamaa wa Noah akanigusa nyuma. Kwa macho, bampa la IST yangu lilikuwa limepasuka kona ya kulia na rangi imechubuka, basi. Jamaa mpole, anaomba radhi, mkewe na watoto wamo ndani. Akatoa 150,000. Nikapiga hesabu: fundi wangu atachukua 120,000, nabaki na ya soda. Akachana karatasi kwenye daftari la mwanae, tukaandikishana: "Nimepokea 150,000, sina madai mengine." Nikasaini kwa kalamu yangu mwenyewe.

Jumamosi fundi anafungua bampa. Chuma cha nyuma yake kimepinda, sakafu ya buti imejikunja. Ndiyo maana mlango wa nyuma ulikuwa haufungi mpaka niubamize, na mimi nilikuwa namlaumu dogo wa kuosha magari! Kunyoosha, chuma kingine, bampa, rangi: 1,100,000. Nikampigia jamaa. Siku ya kwanza alipokea, ya pili simu ikaita tu, ya tatu haipatikani.

Nikajifariji kwamba nina bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Nikaenda ofisini kwao na karatasi yangu ya daftari nikidhani ndiyo ushahidi. Yule dada akaisoma mara mbili, akaniuliza taratibu, "Kaka, hii sahihi ni yako?" Bima ikikulipa, inachukua haki yako ya kumdai aliyekugonga, iende ikarudishe hela yake kwake. Mimi ile haki nilishaiuza kwa 150,000. Juu ya hapo nilikuwa nimechelewa kutoa taarifa, na gari lilishafunguliwa kabla asesa wao, yule mkaguzi wa hasara, hajaliona. Makosa matatu, na kila moja peke yake lingetosha kuniangusha.

Kwa hiyo:

Plastiki ya bampa inarudi mahali pake baada ya kugongwa. Chuma cha nyuma hakirudi. Bampa linaweza kuonekana limekwaruzika tu huku ndani kumekunjamana. Mwambie mwenzako, "Kesho twende kwa fundi wote, alifungue mbele yetu." Asiyetaka kuja kesho, mpigie trafiki leo.

Kama hela lazima ipokewe hapo hapo, andika ni ya nini: "malipo ya awali kwa uharibifu unaoonekana nje, utakaoonekana baada ya kufungua, aliyegonga ataulipa." Maneno "sina madai mengine" yanaandikwa gari likiwa limepona.

Kama una bima kubwa, wape taarifa hata kama huna mpango wa kudai. Kutoa taarifa siyo kudai. Mikataba mingi inataka uwaambie mapema, na inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila wao kujua. Soma wako. Ndiyo, zile herufi ndogo.

Hatua ya 5. Hesabu. Watu wanafikiri ukiwa na bima kubwa kila mkwaruzo unadai. Nawawekea mfano wa mkataba wangu, wewe weka namba zako.

Gari limekatiwa bima kwa thamani ya milioni 14. Natozwa asilimia 3.5, yaani 490,000, ukiweka VAT inakuwa 578,200. Eksesi, ile sehemu ninayobeba mwenyewe, ni asilimia 10 ya dai na haipungui 250,000. Nikimaliza mwaka bila kudai napata punguzo la asilimia 20, ambalo pamoja na VAT yake ni 115,640.

Tuseme nimejigonga getini mwenyewe, matengenezo 400,000. Bima inatoa 150,000, mwakani napoteza punguzo la 115,640. Faida yangu ni 34,360! Toa nauli za bodaboda kwenda kituoni, kwenda bima, kurudi kituoni kwa sababu afande mwenye faili yuko likizo. Hapo nalipa mfukoni nalala.

Matengenezo yakiwa 1,800,000, asilimia 10 ni 180,000, lakini kima cha chini kinanibana nilipe 250,000. Bima inatoa 1,550,000. Hapo hata kama faili liko Kigoma nalifuata.

Kwangu mpaka uko kwenye laki nne na kidogo. Wako tafuta mwenyewe.

Hatua ya 6. Mkimalizana wenyewe: karatasi iwe na majina, namba za leseni na za magari, mahali, saa, kiasi. Hela ipite kwenye simu, siyo mkononi, muamala ubaki. Na ukiwa wewe ndiye uliyegonga, geuza somo zima: mlipe fundi moja kwa moja, na gari likitoka gereji ndipo *wewe* udai ile karatasi ya "sina madai mengine".

Hatua ya 7. Ukienda bima: polisi, gari likaguliwe (PF 90), fomu ya madai, makadirio ya fundi, asesa aje, subiri kibali. Usiguse hata skrubu kabla ya asesa. Ripoti ya mwisho ya polisi, PF 115, ndiyo inayochelewesha wengi. Ifuatilie.

Karibuni maswali. Someni kwanza.

---

Kibopa wa Tegeta: Mkuu nimegongwa jana nyuma nimepewa 80,000 nimeshapokea, ni sawa?

Mleta somo: Hatua ya 4.

Kibopa wa Tegeta: Nimeona ni ndefu mkuu, nijibu kwa kifupi.

Mleta somo: Kafungue bampa.

Dullah: Mimi nina ile bima ndogo ya 118,000. Nimegonga nguzo, wananilipa taa?

Mleta somo: Hapana. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Nguzo ya watu wanaweza kuilipa. Taa yako ni yako.

Dullah: Sasa faida yake nini, si wizi huu?

Mleta somo: Faida yake ni siku utakapomvaa mwenye Land Cruiser. Na ni lazima kisheria, hukuikata kwa kupenda.

Mama Junior: Asante kaka, nimesoma mara mbili. Naomba nielewe jambo moja. Kama nimegongwa na kosa siyo langu, nikapitia bima yangu kubwa, kwa nini mimi nibebe eksesi? Nimekosa nini?

Mleta somo: Dada, hili ndilo nililotamani mtu aniulize. Eksesi ni makubaliano kati yako na bima yako, haijali nani kakosa. Lakini ni hasara uliyoipata kwa sababu ya yule aliyekugonga, kwa hiyo unayo haki ya kumdai yeye. Njia mbili. Bima yako inapomfuata yeye au bima yake, waombe kwa barua waweke na eksesi yako kwenye dai hilo. Au umdai mwenyewe, ukiwa na ripoti ya polisi inayoonyesha kosa ni lake. Usisubiri wakukumbuke, wengi hawakumbuki. Waulize pia kama wakirudishiwa hela yao yote wanakurudishia punguzo lako la kutodai.

Na kuna njia ya tatu kama kosa ni lake waziwazi na bima yake iko hai: acha ya kwako, peleka dai kwenye bima yake. Hakuna eksesi yako, punguzo lako haliguswi. Ubaya wake ni kwamba wewe siyo mteja wao, watakuzungusha. Wakikuzungusha kupita kiasi, andika malalamiko, peleka TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Weka nakala ya kila barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Mama Junior: Ubarikiwe. Nilikuwa nimeshakata tamaa na 250,000 yangu ya eksesi.

Sheria Mkononi: Unapotosha watu. Ajali yoyote ni polisi. Unafundisha watu kukwepa sheria.

Mleta somo: Onyesha mstari nilioandika msiende polisi. Nimeandika mtu akiumia, polisi. Akigoma kwenda kwa fundi, trafiki. Ukidai bima, polisi. Naongeza na hizi: amelewa, hana leseni, bima imekufa, au hamkubaliani nani kakosa, polisi. Watu wazima wawili waliokubaliana kuhusu taa ya nyuma, mimi siyo mjumbe wao.

Sheria Mkononi: Sawa, ila ungeandika hivyo mwanzo.

Mleta somo: Nimeandika sasa.

Chui wa Segerea: Habari kaka. Nimegongwa na pikapu ya kampuni. Dereva analia, anasema bosi akijua atafukuzwa, anataka anilipe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Namhurumia kweli. Nifanyeje?

Mleta somo: Pole, hii ni ngumu kwa sababu anayelia ni mtu na bima ni karatasi. Lakini angalia: gari na bima ni vya mwajiri. Ukikubali mafungu ya dereva, akiacha kazi mwezi wa pili utabaki na namba ya simu tu. Bosi naye atakuuliza mbona hukusema siku ile, na bima yao itasema hivyo hivyo. Mpe dereva muda mfupi, kesho saa fulani, amwambie bosi yeye mwenyewe. Akisema mwenyewe ana nafuu kuliko bosi kusikia kwako. Bosi akitaka kulipa bila bima, vizuri, mwandikishane na yeye, siyo na dereva. Kukopeshana mafungu na dereva, hapana.

Chui wa Segerea: Nimemwambia. Bosi wake kapiga simu mwenyewe, kasema nipeleke makadirio ya mafundi wawili.

Mleta somo: Safi. Peleka baada ya kufungua bampa.

Fundi Kipara: Mimi ni fundi wa bodi. Mleta somo kasema kweli kuhusu chuma cha nyuma, naongezea: na mbele ni hivyo hivyo. Shoo, ile grili ya mbele, imepasuka kidogo unaona sawa, kumbe kondensa ya AC imesukumwa. Joto la Dar likianza ndipo unagundua. Mwambie fundi apime na AC. Na wateja, acheni kutuambia tupandishe makadirio kwa sababu inalipa bima. Asesa anajua bei ya taa kwenye maduka ya spea Gerezani kuliko wewe.

Mleta somo: Fundi, karibu. Hebu waeleze kuhusu mikwaruzo midogo, wanakimbilia kupiga rangi mlango mzima.

Fundi Kipara: Pitisha ukucha. Usiponasa, mara nyingi mkwaruzo upo kwenye ile rangi ya juu ya kung'arisha tu, au ni rangi ya mwenzako imeganda kwako. Polishi ya kukata inatosha. Ukucha ukinasa, hapo ni msasa na rangi.

Mama Junior: Fundi, langu jeupe lile la kung'aa kama lulu. Nilipiga rangi mlango mmoja, sasa una weupe wa maziwa na mingine ina weupe wake. Nilidanganywa?

Fundi Kipara: Labda siyo kudanganywa, alikupigia nyeupe ya kawaida. Hiyo ya lulu ni tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu yenyewe, kisha ya kung'arisha. Akiruka ya kati unapata maziwa. Kama ni Toyota ya kutoka Japani, fungua boneti, kwenye ukuta wa nyuma wa injini kuna kibati. Tafuta palipoandikwa C/TR, herufi za mwanzo ndiyo namba ya rangi. 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni ya lulu. Kipige picha umpelekee mchanganya rangi, usimwambie "nyeupe".

Mama Junior: Nimekiona. 070.

Fundi Kipara: Basi mlango urudiwe. Mwambie apulize lulu kidogo kidogo na aiingize mpaka kwenye mlango wa jirani, mpaka usionekane.

Kibopa wa Tegeta: Wakuu nimefungua bampa.

Mleta somo: Na?

Kibopa wa Tegeta: Chuma kimepinda. Jamaa bado anapokea simu.

Mleta somo: Mpigie sasa hivi, aje aone kabla fundi hajagusa. Ulisaini chochote?

Kibopa wa Tegeta: Hapana, hatukuwa na kalamu.