Namna ya Kuwatambua na Kuwadhibiti Viwavijeshi kwenye Ukoka

Mvua za kwanza zinapoanza baada ya kiangazi, ukoka huchipua majani laini, na nondo wa viwavijeshi, ambao husafiri usiku wakibebwa na upepo, hutua na kutaga mayai. Katika miaka niliyotunza viwanja vya nyasi Arusha, hasara kubwa nimeiona pale mtunzaji alipodhani nyasi zina kiu, akazidi kumwagilia, kumbe majani yanaliwa usiku.

Hatua ya kwanza ni kupiga magoti. Shika ukoka ukingoni mwa baka la kahawia, uuvute taratibu. Ukinyanyuka kama mkeka, mizizi imeliwa na funza wa mbawakawa waishio udongoni, na dawa ya viwavi haitakufaa. Ukiwa umeshika ardhi barabara, lakini majani yametafunwa na chini yake kuna punje za kinyesi cha kijani, waliomo ni viwavi. Yangeyange wakishinda wakidonoa sehemu moja ya uwanja, anzia hapo.

Hatua ya pili ni kuwatoa mafichoni. Koroga vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita 4 za maji, mwagia eneo la mita moja ya mraba hivi, kisha subiri dakika 10. Sabuni huwawasha, nao hupanda juu ya majani wakijinyonganyonga. Mweke mmoja kiganjani umtazame vizuri. Kiwavijeshi wa Afrika anayetembea kwa makundi ni mweusi mgongoni, mwenye mistari ya kijani na manjano ubavuni. Kiwavijeshi vamizi, aliyegunduliwa barani mwaka 2016, ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia. Sota, kiwavi mwingine anayejificha udongoni, ni mnene, wa kijivu, na akiguswa hujikunja kama pete.

Dawa huchaguliwa kwa ukubwa wa kiwavi. Akiwa hajafika sentimita 1.5, mimi hutumia dawa yenye bakteria Bacillus thuringiensis, kwa sababu haiwadhuru nyuki wala ndege. Akizidi hapo, tafuta kiuatilifu kilichosajiliwa kwa viwavi na ufuate kipimo cha kwenye kibandiko. Wengi wakiwa wamekwisha kuingia udongoni na kugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo, usipulize kabisa. Utapoteza fedha na kuua wadudu rafiki bure.

Kata nyasi na kuzimwagilia kabla ya kupuliza, si baada, kisha puliza jioni, kwa kuwa viwavi hula usiku na jua kali hudhoofisha bakteria hao. Kwa siku mbili usikate wala kumwagilia. Siku ya nne rudia kipimo cha sabuni.

Mabaka ya kahawia usiyang'oe: viwavi hula majani, na ukoka huchipua tena kutoka kwenye mashina yake yanayotambaa. Nyasi zilizokatwa baada ya kupuliza usiwape ng'ombe wala sungura hadi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite.