Ukimaliza chanjo ya homa ya ini B, pima kingamwili
Kwa askari polisi, wa zimamoto na wa magereza, ambao kazi huwakutanisha na damu ya watu, kadi yenye tarehe tatu (mwezi 0, 1 na 6) haitoshi. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, omba upimwe kiwango cha kingamwili (protini za damu ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi), kwa kuwa wapo wachache ambao miili yao haiitikii chanjo, hasa wavutaji sigara na waliovuka miaka 40, na bila kipimo hawajijui. Kikifika 10 mIU/mL (kizio cha kupimia kingamwili katika damu), umekingika. Kikiwa chini ya hapo, daktari ataagiza dozi zirudiwe. Kipimo hiki hupotosha kikicheleweshwa kwa miaka, maana kiwango hushuka ilhali kinga ingalipo, wala hakimtambui aliyekwisha kuambukizwa, ambaye huhitaji kipimo cha kirusi chenyewe.