Jinsi ya kukagua pedali ya klachi baada ya kufunga klachi mpya

Lalamiko la kwanza baada ya kufunga klachi mpya huwa halihusu gia wala injini. Mwenye gari hukanyaga pedali mara moja, akasema imekuwa nyepesi mno na inashika chini, kisha akauliza kama fundi amesahau kitu. Mara nyingi hakuna kilichosahauliwa. Klachi pleti (sahani ya msuguano) inapolika, presha pleti, yaani sahani inayoibana, husogea karibu zaidi na flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, na vidole vya springi yake huinuka kuelekea gia boksi, hivyo pedali huzidi kuwa nzito kidogo kidogo kwa miezi na miaka, na mguu ukauzoea uzito huo. Pleti mpya huvirudisha vidole mahali pake, na wepesi unaotokea huonekana kama kasoro. Pedali mpya basi ipimwe kwa rula, si kwa kumbukumbu, na gia boksi isishushwe tena kabla ya vipimo vifuatavyo kukamilika.

Mwongozo huu unahusu klachi ya mafuta, yenye masta ya juu (silinda inayosukuma mafuta) nyuma ya pedali na masta ya chini (silinda inayosukumwa na mafuta hayo) pembeni mwa gia boksi, kama ilivyo kwenye HiAce na Corolla nyingi.

Hatua ya kwanza: toa kapeti. Naianza hapa kwa sababu niliwahi kutoa hewa kwenye mafuta ya klachi mara tatu kwenye gari moja lililokuwa likikwaruza gia, na mara ya nne, nilipoinama kuokota spana, nikaona kapeti mbili zimepandana chini ya pedali. Pedali haikuwa ikifika mwisho.

Hatua ya pili: pima plei, yaani umbali pedali inaotembea bure. Injini ikiwa imezimwa, isukume pedali kwa kidole, wala si kwa mguu, hadi uhisi inaanza kukataa. Katika Toyota nyingi umbali huo unatakiwa uwe kati ya milimita 5 na 15. Ndani yake mna plei ndogo ya fimbo inayosukuma masta ya juu, ambayo ni milimita 1 hadi 5, nayo ndiyo isiyopaswa kukosekana kabisa. Fimbo ikikaza muda wote, pistoni ya masta hairudi hadi mwisho, tundu la kurudishia mafuta kwenye kopo la mafuta ya klachi hubaki limezibwa, na beringi ya rilizi, inayosukuma vidole vya springi ili klachi iachie, huendelea kuvisukuma hata mguu ukiwa umeondoka. Klachi itateleza, na pleti mpya itaungua. Kurekebisha ni kulegeza nati ya kufungia kwenye fimbo, kuizungusha fimbo kidogo, kupima, kisha kukaza nati.

Hatua ya tatu: tafuta mahali klachi inapoachia, yaani pleti inapoachana na flaiwili. Vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye matairi, washa injini na uiache silensa, bila kukanyaga mafuta. Kanyaga pedali hadi mwisho, hesabu hadi nne, kisha ingiza rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikikwaruza, pleti bado inaburutwa na flaiwili. Kwa Toyota nyingi klachi inatakiwa iwe imekwishaachia pedali ikiwa bado na milimita 25 au zaidi kabla ya kufika mwisho. Gari linaloachia pedali ikiwa imegusa sakafu litakwaruza siku injini itakapopata moto kwenye foleni, hata kama leo gia inaingia.

Hatua ya nne: ikikwaruza, pampu. Kanyaga haraka mara tano au sita, kisha jaribu rivasi tena. Ikiwa pedali imepanda na gia imeingia, kuna hewa kwenye mafuta, au masta ya juu inavujisha kwa ndani. Anza na hewa. Chomeka mpira unaoonyesha kwenye nipeli (skrubu ya kutolea hewa) ya masta ya chini, na ncha yake nyingine uizamishe ndani ya chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Msaidizi akanyage taratibu na kushikilia. Wewe fungua nipeli nusu mzunguko, tazama mapovu yakitoka, funga, ndipo umwambie aachie. Ukichelewa kufunga, hewa hurudi kwa njia ile ile. Endelea hadi mafuta yatoke bila povu hata moja, huku kopo lisipungue chini ya alama. Tumia mafuta ya breki ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko, kamwe si oili, kwa maana oili huvimbisha raba za masta. Na yakidondokea rangi ya gari, yaoshe kwa maji papo hapo.

Hatua ya tano: kama kupampu hakukubadilisha chochote, mwombe msaidizi akanyage huku ukitazama fimbo ya masta ya chini. Fimbo isipotembea vizuri, tatizo liko kwenye masta au paipu. Ikitembea vizuri na gia bado inakwaruza, tatizo liko ndani: pleti imefungwa kinyume, foku (mkono unaosukuma beringi ya rilizi) imechomoka kwenye egemeo lake, au spea si ya gari hilo. Hapo ndipo gia boksi inaposhuka kwa haki.

Pedali nzito kuliko ya zamani hutokana zaidi na egemeo la foku lililofungwa bila grisi, au presha pleti isiyo yake. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, shuku mafuta kwenye pleti au flaiwili ambayo haikukerezwa.

Kopo usilijaze hadi ukingoni, kwa sababu kadiri pleti inavyolika, pistoni ya masta ya chini husukumwa nyuma na mafuta hupanda. Kwa kilomita 500 za mwanzo, ondoka taratibu na usivute mzigo mzito. Baada ya hapo pima plei tena kwa rula ile ile.