Pesa ya Kitengo Ikikatwa: Namna ya Kuifuata Mpaka Mezani

Mimi ni fundi baiskeli. Kijiwe changu kipo Ngamiani, Tanga mjini, huku ambako barabara tunaziita kwa namba. Kazi yangu ni kuziba pancha, kunyoosha rimu na kusikiliza maneno ya watu. Mambo ya bajeti nimeyajua ukubwani, tena kwa shida: binti yangu ni kiziwi, anasoma kitengo cha elimu maalum, yaani madarasa ya watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida, na mwaka mmoja watoto walirudi kutoka likizo wakakuta chakula cha mchana hakuna na mama mlezi hana posho. Jina la shule silitaji. Mkoa huu una halmashauri kumi na moja, msinikaze mniulize ni ipi.

Tangu hapo wazazi wa vitengo vingine hunijia kuuliza tulifanyaje. Kueleza huku mikono ina grisi nimechoka, ndiyo maana naandika.

Kabla hujapaza sauti, ujue kwanza ugonjwa. Sisi tulianza na kelele. Tulikwenda watu kumi na wanne kwa mwalimu mkuu, tukamfokea mpaka walimu wengine wakatoka nje kuchungulia. Alituacha tumalize, kisha akauliza, "Sawa wazazi wangu. Ni pesa ipi mnayodai?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Pesa ya shule huingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni serikali kuu. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi hupigiwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Kwa mpango ule, 4,000 ni za vitabu na 6,000 ndizo za shule yenyewe. Gawa kwa miezi kumi na miwili, utapata shilingi 500 kwa mwezi. Mimi pancha moja siizibi kwa bei hiyo. Mlango wa pili ni mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ushuru wa soko, leseni za biashara na kadhalika. Chakula chetu na posho ya mama mlezi vilikuwa vinatoka mlango huu wa pili, na huu ndio rahisi kufungwa, maana hapo kila idara inagombania.

Ukishajua mlango, uliza swali lifuatalo: pesa haikupangwa, ilipangwa ikawa haijatolewa, au ilitolewa ikaishia njiani? Wazazi wengi huyaita yote "wametukatia", kumbe kila moja lina dawa yake. Ambayo haikupangwa unaitafuta kwenye bajeti ijayo, kwa madiwani. Iliyopangwa isitolewe unaifuata kwa mkurugenzi wa halmashauri sasa hivi, na kitabu cha bajeti mkononi. Iliyoishia njiani ni kazi ya wakaguzi, na hapo uwe na karatasi, usiwe na hisia. Pa kuanzia ni ubao wa matangazo wa shule, mapato na matumizi yanatakiwa yabandikwe pale. Halafu kamati ya shule, ambayo wajumbe wake wengine ni wazazi kama wewe. Ukigonga mwamba, andika barua ya kuomba taarifa. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na inampa mwenye ofisi siku 30 za kujibu. Itaje kwa adabu kwenye aya ya mwisho. Barua yenye jina la sheria haikai chini ya faili siku nyingi.

Kila barua iwe na nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Mara ya kwanza mimi sikufanya hivyo. Barua ikapotea, na mtu wa masjala akaniambia kwa tabasamu kwamba pengine nimeota.

Sasa daftari. Nunua moja la kurasa mia, mkabidhi mama mmoja mwenye mwandiko mzuri. Letu lilikuwa na mambo manne tu: watoto ni wangapi, wanatoka mitaa gani, nauli ya kwenda na kurudi, na siku walizokosa masomo tangu chakula kikatike. Kitengo hakifanani na darasa la kawaida, watoto hutoka mbali kwa kuwa karibu na kwao hakuna kingine. Mtoto wa darasa la kawaida mchana hukimbia kwao akala, wa kitengo hawezi. Tulipoandika siku za utoro wiki kwa wiki, lile safu likajisemea lenyewe. Watoto tisa walikuwa wameacha kabisa kuja, na hakuna ofisi iliyokuwa na habari. Majina ya watoto yabaki daftarini. Kikaoni peleka hesabu tu.

Hapa niseme kosa letu kubwa, maana naona wengine wanalirudia. Huruma ilitushika tukaanza kuchanga, shilingi 3,000 kila mzazi kila wiki, tukamlipa mama mlezi na kupika ugali na maharage. Muhula mzima. Tukajiona mashujaa! Bajeti iliyofuata ikaja na sifuri kwenye mstari wetu, na mtaalamu mmoja akasimama akasema kitengo kile wazazi wanamudu. Nusura nilie mbele za watu. Tena waliokuwa wanamudu walikuwa nusu, wengine tulikuwa tunawafichia aibu. Basi mkilazimika kuchanga, na mara nyingine mtalazimika kwa kuwa mtoto hawezi kula sheria, iwe hiari, na muhtasari wa kikao uandike kwamba ni dharura, mwisho wake tarehe fulani, na deni linabaki kwa halmashauri. Neno "dharura" liandikwe wazi. Msilione dogo.

Kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Watu husikia bajeti inasomwa Dodoma mwezi wa sita ndipo wanashtuka, wakati huo pilau imeshapakuliwa. Halmashauri huanza kupanga yake miezi ya mwisho wa mwaka, madiwani wanaipitisha mwanzoni mwa mwaka, Januari au Februari hivi, kisha inapanda juu. Kwa hiyo mambo yenu yafike kwenye kata kabla ya Desemba. Pia ulizeni mapema ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka, ni kiasi gani, maana jibu mtakalopewa ni lile lile kila mwaka: "Ukomo umetubana." Mkiujua ukomo, mnaweza kuuliza kilichobaki ndani yake ni nini. Safari? Viburudisho? Sisi tuliuliza la viburudisho, ukumbi ukacheka, lakini kuanzia hapo tukasikilizwa.

Ngazi zenyewe mnazijua: kamati ya shule, mkutano wa mtaa au wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani. Kila ngazi hakikisheni ombi limeingia kwenye muhtasari. Lisiloandikwa halikusemwa. Diwani mwendeeni nyumbani jioni, wawili au watatu, mpigieni shikamoo kama ni mkubwa wenu hata kama mlimkasirikia asubuhi, mumwachie karatasi moja tu yenye namba tatu. Yeye ndiye atakayezisema barazani, na akizikosea ni ninyi mmekosea. Msisahau kwamba mbunge naye ni mjumbe wa baraza hilo. Na vikao vya baraza wananchi wanaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Tulikwenda ishirini na wawili, tukakaa kimya kabisa, watoto wakizungumza kwa mikono yao kule nyuma. Madiwani waligeuka kutazama kuliko tungepiga vigelegele.

Mtawekewa vitu viwili vya kuwapooza. Kwanza mtaambiwa, "Mbona kuna ile asilimia 2 ya wenye ulemavu?" Hiyo ni sehemu ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na ni mkopo wa biashara, unarudishwa. Mtoto wa darasa la pili hakopeshwi ugali. Pili ni Mfuko wa Jimbo, ule wa maendeleo ya jimbo la mbunge. Huo unafaa kumalizia choo au kuezeka chumba, pokeeni kwa shukrani, lakini posho ya kila mwezi haiwezi kutegemea mfuko wa namna hiyo.

Kuhusu watu: wazazi wa kitengo peke yao ni wachache na wamechoka. Wengine akina mama wameachiwa mzigo tangu mtoto alipogundulika, baba hayupo. Vikao viwe Jumapili alasiri, na watoto waje nao, vinginevyo mama haji. Waiteni wazazi wa madarasa ya kawaida mapema, na watu wazima wenye ulemavu wenyewe. Sisi tulisaidiwa sana na ndugu mmoja kiziwi, fundi cherehani, aliyesimama na mkalimani akaeleza alivyosoma na alivyokosa kusoma. CHAVITA, chama cha viziwi, na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya wenye ulemavu, ni watu wa kuwatafuta tangu mwanzo. Na tafadhali, kwenye mabango na barua msiandike "bubu". Andika kiziwi. Binti yangu maneno anayo mengi kunishinda.

Walimu msiwaburute mbele. Ni watumishi, uhamisho hauko mbali. Wakiwapa taarifa, chukueni taarifa na muache jina.

Maandamano sisi hatukufanya. Mkitaka kukusanyika hadharani, sheria inataka polisi wapewe taarifa saa 48 kabla. Mimi naona ukumbi wa baraza ulitosha, ila mazingira hayafanani. Redio za hapa mjini zinasikilizwa sana asubuhi, mkipata dakika kumi ombeni, bila kumtaja mtoto wala kumpiga mtu madongo. Someni namba za daftari.

Mstari wetu ulirudi. Haukurudi wote: posho ya mama mlezi kamili, chakula siku tatu kwa wiki. Wengine wakataka tufanye sherehe. Mimi nilisubiri Julai, kwa kuwa kupitishwa ni kalamu na kutolewa ni jambo jingine. Ikapita Julai, Agosti, Septemba, akaunti ya shule kavu. Novemba ikaingia nusu. Ya nusu iliyobaki barua nimepeleka, nakala yenye muhuri ipo kwenye sanduku la spana, na siku ya thelathini inaangukia Alhamisi. Siku hiyo kijiwe nafungua saa sita.