DVD ya sendofu kuiweka kwenye simu, uchukue programu gani

Kama una DVD ya sendofu au kipaimara hapo Moshi imeanza kukwaruzika usingoje, ihamishie kwenye kompyuta leo, maana ikishagoma kusoma ndo basi tena. Mi nakushauri HandBrake, ni ya bure kabisa na haigandishi maandishi yake usoni kwa bibi harusi kama zile programu za majaribio. Chagua MP4 (aina ya faili ambayo simu inaifungua) na H.264 (njia ya kubana video), alafu washa Deinterlace, la sivyo watu wakicheza utaona mistari mistari mikononi. Saizi ya picha acha pikseli 720 kwa 576 kama ilivyo kwenye DVD, kuikuza hakuongezi kitu. Unataka nakala ya kutunza? Chukua programu nyingine, MakeMKV, inakopi picha kama ilivyo, faili linaweza kufika gigabaiti 4 ila ubora haupotei. Flashi weka mbili, moja mpelekee mama Machame.