Kabla hujaenda kwa maseremala wa Keko, Dar, kutafuta meza ya TV

Siku hizi mtu anaanza na picha. Ameona kwenye simu meza nyeupe, ndefu, ina taa za bluu kwa nyuma, anamtumia fundi na kuuliza bei. Bei iache kwanza. Chukua futi kamba, kaa sebuleni kwako, pima.

Pima TV yenyewe, au ile unayotarajia kununua. TV ya inchi 55 haina upana wa inchi 55. Hicho ni kipimo cha kioo kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Upana wake halisi ni kama sentimita 122. Ya inchi 43 ni kama sentimita 95, na ya inchi 65 inakaribia 144. Maseremala wetu bado wanapima kwa futi na inchi, kwa hiyo ipo njia ya mkato: mwambie fundi urefu wa meza uwe inchi zilezile za TV. Meza ya inchi 55 ni karibu sentimita 140, na TV ikikaa katikati inabaki nafasi ya sentimita 9 hivi kila upande. Usiende chini ya hapo, kwa sababu miguu ya TV nyingi za sasa iko huku mwisho na huku mwisho. Ile meza iliyobeba TV ya zamani ya chogo, hata kama ni ya mninga na bado ngumu, mara nyingi ni fupi: mguu mmoja unakaa, wa pili unaning'inia. Angalia pia urefu wa mguu kutoka mbele kwenda nyuma, usije ukaishia ukingoni kabisa mwa meza.

Kimo kinataka mtu wa kukusaidia. Kaa kwenye kochi kama unavyokaa saa mbili usiku ukiwa umechoka, umejiegemeza, halafu mwenzako akupimie kutoka sakafuni hadi jichoni. Wengi watapata kama mita moja. Katikati ya kioo panatakiwa pawe karibu na hapo. Kwa inchi 55 nusu ya kioo ni kama sentimita 34, ongeza miguu ya TV, utaona kwamba meza ya sentimita 60 inatosha. Ikipanda sana, shingo itakuambia. Siku ya Simba na Yanga wageni watakaa hadi kwenye mkeka chini, ila hao watavumilia dakika 90.

Halafu hesabu vitu vitakavyoishi na hiyo TV. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa Dar mwishoni mwa 2012, king'amuzi ni mwenyeji wa kila sebule, na nyumba nyingine zina viwili. Kuna sabufa, kuna gemu ya watoto, kuna kifaa cha kulinda TV umeme ukirudi kwa nguvu. Vyote hivi vinatoa joto, na joto la Dar peke yake linatosha. Kabati lililofungwa nyuma na mbele ni oveni ya ving'amuzi. Mlango wa mbao nao unazuia rimoti. Wa kioo cha kawaida unaipitisha. Chagua rafu iliyo wazi nyuma, yenye tundu la waya ambalo kichwa cha plagi kinapita, maana mafundi wengi hutoboa tundu la kupitisha waya mtupu. Na vile vitambaa vya kufuma, jamani, vipambe meza lakini visifunike matundu ya king'amuzi. Mende nao wanapenda joto la humo ndani; fundi akikifungua kilichokufa, si ajabu wao ndio wakawa wa kwanza kutoka.

Sabufa iweke sakafuni. Mtikisiko wake juu ya meza yenye vioo utakukera kila wimbo ukianza.

Sasa malighafi, na hapa ndipo hela inapopotea. Kwa uzoefu wa nyumba za Dar, meza ya TV haivunjwi na uzito wa TV. Inauawa na deki. Meza nyingi za dukani ni MDF, au bodi za chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kuvalishwa karatasi yenye sura ya mbao. Zinapendeza, na bei yake ni rafiki. Lakini kila asubuhi tambara lenye maji linagusa ukingo wa chini, maji yanapenya pale karatasi ilipoungana, bodi inavimba, karatasi inabanduka, skrubu zinalegea. Bodi ikishavimba hairudi. Kwa hiyo inama, pitisha kidole chini ya meza: ukikuta bodi tupu isiyozibwa, na imelala sakafuni moja kwa moja, iache hapohapo. Inayosimama kwenye miguu ya sentimita 10 au zaidi itadumu, na fagio litapita. Kama unaishi Kigamboni au Mbezi Beach, miguu ya chuma iangalie kwenye maungio ya kuchomelea. Hewa ya chumvi inaanzia hapo kuleta kutu. Walio karibu na bonde la Msimbazi wanajua wenyewe kwamba masika, kwa ajili ya mafuriko, ekstensheni haikai rafu ya chini.

Mbao ngumu za mninga, mkongo au mtiki ni hadithi nyingine, kwa uimara na kwa bei. Paini za Mafinga ni nafuu na nyepesi, zinatosha kama fundi ni msafi wa kazi. Cha kuuliza ni kama mbao imekauka. Mbao mbichi ikiingia kwenye nyumba yenye kiyoyozi inapinda, na droo zinagoma kufunga. Uliza pia mgongo na sakafu ya droo ni nini. Plaiwudi haina tatizo, mradi ujue kwamba hulipii mninga mtupu. Na nenda uione meza kabla haijapigwa vanishi, kwa sababu vanishi inaficha viraka vingi.

Mwenye mtoto mdogo afikirie droo mara mbili. Droo mbili zikivutwa nje ni ngazi, na TV ya kilo 15 inaanguka mbele. Ifunge ukutani kwa mkanda. Mpangaji amwombe kwanza baba mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa. Mpangaji huyohuyo atafute meza inayofunguliwa kwa skrubu, kwani kodi ikipanda itabidi ipande kigari cha kirikuu, na ngazi za ghorofa nyingi zina kona ambazo kitu cha mita 1.8 hakikati.

Usilipe yote mwanzoni. Meza ikishafika, iweke mahali pake, ipakie TV, itikise kidogo kwa mkono. Ikicheza, fundi asawazishe mguu palepale, ndipo apewe salio.